Simu za Kumtafuta Mama

Katika likizo ya mwezi wa saba, Anaïs aliamka kila siku mara tu baba yake alipofunga mlango kwenda kazini. Alichemsha maji kwenye jiko dogo la umeme, akakoroga uji, kisha akamwamsha mdogo wake Eddy na kumnawisha uso. Waliishi ghorofa ya tatu ya jengo moja kuukuu pale Point, karibu na bandari ya Durban. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Lifti ya jengo ilikufa siku nyingi. Mwenye jengo alikuwa akipanda ngazi huku anahema, anaahidi kuitengeneza, kisha anashuka na ahadi yake. Watu wa ghorofa za juu waliendelea kubeba unga, maji na wagonjwa mgongoni.

Baba yao, Pontien, alitoka Rumonge, Burundi, wakati wa vita. Sasa alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Morningside, huko juu wanakokaa wenye nazo. Msimamizi wa jikoni alikuwa amekataza simu. Mfanyakazi akikutwa na simu, anafukuzwa hapo hapo. Yeye msimamizi alikuwa nazo mbili, na zote zikilia anapokea.

Kwa hiyo simu ya nyumbani ilikaa na Anaïs. Kilikuwa kisimu kidogo cha vibonyezo, nacho kilikuwa cha mama yao, Nahimana. Mama alifariki mwezi wa pili mwaka huo huo wa 2012. Alikwenda kliniki akikohoa na kutetemeka, akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa arudi nyumbani apumzike. Alipumzika kweli. Waliomrudisha bado walikuwa kwenye viti vyao, wanakunywa chai saa nne.

Anaïs alikuwa na miaka kumi na miwili, na Eddy mitano. Eddy alikuwa na ngiri. Akikohoa, akicheka sana au akilia, uvimbe ulijitokeza kwenye kinena chake na kumuuma mpaka anajikunja. Daktari wa hospitali ya serikali alisema lazima apasuliwe, ila vitanda ni vichache na watoto ni wengi.

"Kitanda kikipatikana tutapiga simu," karani alisema. "Namba yetu haitaonekana kwenye kioo. Msipopokea, tunamwita mtoto anayefuata."

Namba iliyoandikwa hospitali ilikuwa ya Nahimana, maana yeye ndiye aliyempeleka Eddy mara ya kwanza. Hivyo kazi kubwa ya Anaïs katika likizo ile ilikuwa kupokea simu.

Na simu zililia kweli.

"Halo, mchana mwema kwako!" sauti ilisema kwa Kiingereza cha haraka, tamu kama ya mtu anayemwita mteja sokoni. "Naongea na Missis Nahimana?"

"Hayupo," Anaïs alijibu.

"Yuko wapi, dada? Nina habari nzuri sana kwa ajili yake."

Anaïs alijua la kusema, lakini halikusemeka. Kwao, habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Mama alipokufa, baba yao, waliyemwita Papa, alimpigia ndugu yake Zénon kule Rumonge na kumwambia tu, "Nahimana yuko hoi. Nenda kwa mama mkwe, ukae naye, usimwache peke yake." Zénon alielewa. Alivaa shati safi, akawachukua watu wazima wawili, akaenda kumwambia bibi yao ana kwa ana, huku mikono ya watu ikiwa tayari kumshika. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwa watu wenye adabu. Sasa mtoto angewezaje kumtupia mgeni asiyemjua neno kama lile?

"Ametoka," Anaïs alisema.

"Anarudi lini?"

"Kesho."

"Sharp, sawa! Kesho tutampigia."

Alipoweka simu chini, alimkuta Eddy amemkodolea macho. Eddy alikuwa sakafuni anapanga vifuniko vya chupa, lakini Kiingereza alikisikia vizuri. Alikipata krechi, shule ya watoto wadogo, na alikuwa anakijua kuliko baba yake.

"Mama anarudi kesho?" Eddy aliuliza.

"Maliza uji wako," Anaïs alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Eddy. Siku ya mazishi walimwacha kwa jirani, Anti Coletha, na kumwambia kwamba Mama amesafiri. Papa alisema, "Nitamwambia wiki ijayo." Wiki hiyo ikapita, ikaja nyingine, na kila wiki Papa alirudi kutoka kazini mikono imekunjamana kwa maji na maneno hayatoki.

Kesho yake simu ikalia kweli. Ilikuwa bima ya mazishi. Keshokutwa ikawa kampuni ya masufuria. Kisha wakaja watu wa mikopo. Namba hiyo waliipata wapi? Mwaka uliotangulia, Nahimana alishiriki bahati nasibu ya duka moja kubwa mjini ili ashinde friji. Aliandika jina na namba kwenye kikaratasi, akakitumbukiza kwenye sanduku. Friji hakuiona. Namba yake ndiyo iliyosafiri, ikauzwa kutoka kampuni hadi kampuni kama nyanya. Na kwa kuwa Anaïs alikuwa anasema "kesho" au "mchana" au "wiki ijayo", wote waliandika kwenye kompyuta zao kwamba Missis Nahimana apigiwe tena.

Eddy alianza kukaa kwenye ngazi. Alikaa pale juu, kidevu kwenye magoti, akichungulia kila aliyepanda.

"Ingia ndani, kuna baridi," Anaïs alimwambia.

"Ulisema leo mchana."

"Nani amekwambia?"

"Ulimwambia yule wa kwenye simu. Mama anakuja mchana."

Siku hiyo alilia alipoingizwa ndani, na kilio kikauleta uvimbe. Anaïs alimlaza chali, akamkunja miguu kama nesi alivyowafundisha, akamkandakanda mpaka uvimbe ukarudi. Eddy alikuwa anatetemeka na jasho limemtoka juu ya mdomo. Simu ikalia tena mezani. Kioo kiliandika kwamba namba imefichwa.

"Ni Mama?" Eddy aliuliza.

Anaïs alikata simu.

Kuanzia hapo akawa anakata. Kila namba iliyofichwa, na kila namba asiyoijua, alibonyeza kitufe chekundu kabla mlio wa kwanza haujaisha. Alijiambia kwamba watu wa hospitali wangepiga tena, kwamba wao si kama wauzaji, wao ni watu wa kazi. Chumba kikawa kimya, na Eddy akapunguza kukaa kwenye ngazi. Ilionekana kama dawa.

Anti Coletha ndiye aliyeona kwanza. Yeye ni Mtanzania, mtu wa Mbeya, aliyesuka nywele kwenye mlango wa chini wa jengo. Alikuwa na mikono yenye nguvu na mdomo usiokuwa na breki.

"Wewe Anaïs, mbona unakata simu bila kuangalia? Umepata mchumba unayemkimbia?"

Mteja aliyekuwa anasukwa alicheka. Anaïs hakucheka. "Ni wauzaji, anti."

"Wote?"

"Wote."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika," Anaïs alisema, akaanza kupanda ngazi.

Jioni Papa aliporudi, aliuliza kama alivyouliza kila jioni, hata kabla ya kuvua viatu. "Hospitali wamepiga?"

"Hawajapiga, Papa."

"Iko mtu yeyote aliyepiga?"

"Hapana. Hakuna."

Pontien alimwangalia Eddy aliyelala na magoti yamekunjwa tumboni. "Hao wakubwa," alisema polepole. "Mtoto wa waziri angekuwa ameshapona, anaendesha baiskeli." Kisha akaketi kula ubwabwa uliopoa.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alivaa koti lake la kanisani, akaenda hospitali mwenyewe kuulizia kitanda. Alirudi saa sita mchana. Anaïs alizisikia hatua zake kwenye ngazi akajua kuna jambo, maana hazikuwa na haraka.

Pontien aliingia, akaketi, akaweka mikono mezani.

"Niletee simu."

Anaïs alimpa.

"Karani amenionyesha kwenye kompyuta yake," Papa alisema. "Kitanda cha Eddy kilikuwepo. Walipiga Jumatatu. Simu ikalia, ikakatwa. Wakapiga tena, ikakatwa. Hakusema kwamba haikupatikana, Anaïs. Alisema ilikatwa. Ikakatwa na mkono wa mtu." Sauti yake haikupanda. "Kitanda wamempa mtoto mwingine. Nani alikata?"

Anaïs alitazama pazia. Ulimi wake ulishatayarisha maneno: labda ni mtandao, labda betri. Lakini Eddy alikuwa amelala nyuma ya pazia hilo, na alikuwa anaguna usingizini.

"Mimi, Papa."

"Na jioni ukaniambia hakuna aliyepiga."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ndipo alipomwambia yote, akilia na kujifuta kwa mkono wa sweta: sauti tamu zinazomtafuta Mama, "ametoka", "kesho", Eddy kwenye ngazi, kilio, uvimbe, kitufe chekundu. "Nilishindwa kumwambia mtu nisiyemjua kwamba Mama amekufa. Wewe ulisema hiyo haisemwi kwenye simu. Halafu Eddy akawa anamsubiri. Nikaona bora isilie kabisa."

Pontien alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alipoifungua, alionekana mzee. Hakumpiga. Wakati mwingine kiboko kingekuwa chepesi kuliko kule kunyamaza.

"Karani amekubali kumrudisha kwenye orodha," alisema hatimaye. "Nilimpigia magoti, mbele ya watu. Amesema mtu mwingine asipofika, watatupigia ghafla. Sasa kila simu lazima ipokelewe, unaelewa? Kila simu. Na hao mbwa wa kuuza masufuria bado wanapiga."

Walishuka kwa Coletha. Mdogo wake, Gilbert, alikuwa pale ameketi kwenye kiti cha wateja, akila karanga. Gilbert alikuwa anasoma chuo mjini, na alipenda watu wajue.

"Eish, Baba Anaïs, mbona hamkuniuliza?" Gilbert alisema baada ya kusikia. "Kuna orodha ya watu wasiotaka kupigiwa simu za biashara. Unaandikisha namba yako, makampuni yanatakiwa kuiheshimu. Sheria iko hata ya kumlinda mteja."

"Tangu lini?" Pontien aliuliza.

"Ina muda sasa."

"Na ninyi wasomi mlitangaza wapi? Kwenye ukuta gani wa Point?"

Gilbert alitazama karanga zake. Kwa kweli hakuna aliyetangaza. Wakubwa waliandika sheria nzuri, wakapigwa picha wakiisaini, kisha wakaiweka mahali ambapo mwosha vyombo hapiti. Ndivyo wanavyofanya. Haki inawekwa ghorofa ya juu kabisa, na lifti imekufa.

"Dakika mbili tu," Gilbert alisema. "Twendeni kwenye intaneti."

"Dakika zako mbili nazijua," Coletha alisema. "Uliniambia dakika mbili siku ile ya kutengeneza pasi, mpaka leo nanyoosha nguo kwa kuzilalia. Nendeni. Eddy mpelekeni pia, simwezi akilia."

Walikwenda kwenye duka la intaneti hatua chache kutoka pale, Eddy mgongoni kwa baba yake. Gilbert aliketi mbele ya kompyuta, akachapa kwa majivuno. Ukurasa ukataka jina, akaandika. Ukataka namba ya simu, akaandika. Ukataka namba ya kitambulisho cha uraia. Pontien alitoa karatasi yake ya ukimbizi, iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa nyeupe. Namba yake ilikuwa na herufi na vistari katikati. Kompyuta ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba imekosewa. Gilbert akaondoa vistari. Nyekundu. Akaondoa herufi. Nyekundu tena.

"Hata kukataa kuuziwa masufuria," Pontien alisema, "lazima uwe raia."

Gilbert aliinama karibu. "Sikiliza, braza. Tuweke kitambulisho cha rafiki yangu mmoja. Mashine haimjui. Bonyeza, kwisha."

"Hapana."

"Nani atajua?"

"Nimesema hapana. Uongo mmoja umekwisha kumtoa mtoto wangu kitandani. Sitaki wa pili."

Gilbert aliona aibu kidogo, akashusha ukurasa mpaka chini kabisa. Pale palikuwa na namba ya kupiga kwa mwenye tatizo. Waliitumia simu ya Gilbert. Aliongea Kiingereza chake cha chuo, akaeleza, akasikiliza, kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Ni mama mmoja, anaonekana mtu mzuri. Anasema anaweza kuiandika yeye mwenyewe kwa mkono. Lakini anataka kusikia kutoka kwa mwenye namba, au mtu wa familia yake. Mimi si familia."

Pontien alichukua simu. Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni: sahani, moto, samahani bosi. Lakini hicho hakikuwa kizuizi. Neno lenyewe alilijua kwa Kiingereza. Alikuwa amelisikia kutoka kwa daktari.

"Madam," alisema. "My wife..."

Akasimama hapo. Mwanamke wa upande wa pili alisubiri. Waliisikia pumzi yake. Pontien alifungua mdomo, akaufunga. Tangu mwezi wa pili hakuwahi kulitamka neno lile kwenye simu, kwa ndugu wala kwa rafiki. Sasa alitakiwa kumpa mgeni neno hilo, katikati ya duka la intaneti, mtoto wake mdogo yuko mgongoni na shavu lake limeegemea bega lake.

Anaïs alinyoosha mkono. Baba yake alimtazama, kisha akampa simu.

"Halo," Anaïs alisema kwa Kiingereza. "Namba hii ilikuwa ya mama yangu. Anaitwa Nahimana. Mama yangu amekufa. Alikufa mwezi wa pili. Watu wanapiga kila siku kumtafuta, na sisi tunasubiri simu ya hospitali kwa ajili ya mdogo wangu. Tafadhali, waambie wasimtafute tena."

Kijana wa kaunta aliacha kuhesabu chenji.

Mwanamke yule alisema pole, na sauti yake haikuwa tamu ya sokoni. Aliandika namba. Alieleza kwamba itachukua muda hadi orodha iyafikie makampuni yote, na kwamba mengine yana vichwa vigumu. "Wakipiga," alisema, "usiwaambie arudi kesho. Waambie ukweli, uwaulize jina la kampuni, na uwaamuru wafute namba. Wanaogopa wakiulizwa jina."

Anaïs alishukuru. Aliporudisha simu kwa Gilbert, alikutana na macho ya Eddy juu ya bega la baba.

"Lakini ulisema kesho," Eddy alisema.

Pontien alitoka naye nje, akaketi kwenye ukingo wa barabara karibu na robot, taa za kuongozea magari, magari yakisimama na kuondoka, akamshusha na kumweka mapajani. Anaïs aliwaona kupitia kioo cha duka. Baba aliongea kwa muda mrefu. Eddy alikuwa anachezea kifungo cha koti la kanisani, kisha mkono wake ukaacha kucheza. Alilia kwa sauti ambayo Anaïs hakuwahi kuisikia kwake, nzito, kama ya mtu mzima. Baba hakumnyamazisha. Alimkunja miguu tu, akakishikilia kinena chake kwa kiganja ili uvimbe usitoke, na yeye pia alikuwa analia, watu wakiwapita.

Siku zilizofuata Anaïs alipokea kila simu. Nyingine zilimtoa jasho. Kijana mmoja wa bima ya mazishi aliposikia kwamba Missis Nahimana amefariki, alisema, "Oo, pole sana, dada. Na baba yako, je? Yeye ana bima ya mazishi?"

"Nipe jina la kampuni yako," Anaïs alisema, "na jina lako wewe, halafu mfute hii namba."

Simu ikakatwa upande wa pili. Coletha, aliyekuwa amepanda kuleta ubuyu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe na wao wana kitufe chekundu!"

Polepole simu zikapungua. Ikapita siku nzima simu ikiwa imelala mezani, na ukimya ule haukuwa mzuri hata kidogo, kwa sababu Eddy alizidiwa. Uvimbe ulitoka mara kwa mara na ulichelewa kurudi. Alikataa uji. Alikaa karibu na dada yake na hakuuliza tena habari za Mama, na hilo Anaïs aliliona gumu kuliko maswali.

Jumanne, alipokuwa anafua, simu ikalia. Namba imefichwa. Alipokea mikono ikiwa na povu.

"Mchana mwema. Naongea na Missis Nahimana?"

Yalikuwa maneno yale yale ya wauzaji. Anaïs alivuta pumzi.

"Mama amefariki, madam. Mimi ni binti yake. Wewe ni nani, tafadhali?"

"Pole, mtoto. Hapa ni hospitali. Ni kuhusu Eddy. Kitanda kimepatikana kesho asubuhi. Lakini hapa kwenye faili mama ndiye mwenye kusaini. Vizuri umeniambia; tungempasuaje bila saini? Baba yupo?"

"Yupo! Baba yupo!"

"Afike naye kabla ya saa moja asubuhi. Mtoto asile kitu. Na baba aje na karatasi zake."

Gilbert alipanda teksi mpaka Morningside kumpelekea Pontien habari. Msimamizi wa jikoni alimsikiliza kupitia dirisha la nyuma, akasema kesho kuna wageni wengi, na asiyefika kesho asije tena. Pontien, aliyesikia yote, alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya sinki. Hakurudi tena jikoni pale. Hayo ndiyo malipo ya mtu aliyewaoshea sahani miaka minne bila kuvunja hata moja. Mtoto wake anakatwa tumbo, yeye anakatwa kazi.

Eddy alipasuliwa Jumatano. Daktari alitoka akiwa na kofia ya karatasi kichwani, akasema imekwenda salama, ila utumbo ulishaanza kubanwa. Wiki mbili zaidi, alisema, kisha hakumaliza sentensi.

Anaïs na baba yake waliketi kwenye benchi la ukumbini. 

"Papa," Anaïs alisema, "kazi yako imekwenda kwa sababu yangu."

"Kazi yangu imekwenda kwa sababu ya mtu mwenye roho mbaya. Usibebe mzigo wa wakubwa. Wao hawaubebi wako." Alimgeukia. "Wako ni mmoja, na huo nitakwambia. Ulinidanganya mimi. Ungeniambia jioni ile ya kwanza, 'Papa, simu zimenishinda, Eddy anamsubiri Mama,' tungetafuta njia wawili. Ukanyamaza, ukabaki peke yako na jambo kubwa kuliko wewe, na Eddy nusura tumpoteze. Ukishindwa, sema umeshindwa. Kushindwa si kosa. Kuficha ndiko kunakoua."

"Ndiyo, Papa."

"Na mimi pia nina wangu. Ile desturi yetu ya kutosema kifo kwenye simu ni nzuri. Tunaifanya ili aliye mbali asianguke peke yake. Lakini nikaitumia kumfungia mlango Eddy, ambaye alikuwa hapa hapa mbele yangu. Hiyo haikuwa adabu. Ilikuwa woga. Mtu anayekupenda, mwambie ukweli ukiwa umemshika mkono. Asiyekujua, mwambie ukweli mfupi, umalize. Lakini wote wawili waambie ukweli."

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Karani alipita na faili la Eddy, akasimama mbele yao, kalamu mkononi.

"Hapa panahitaji kurekebishwa," alisema kwa Kiingereza. "Jina la mzazi."

Anaïs alianza kusimama ili ajibu, kama alivyozoea. Baba yake aliweka mkono kwenye bega lake, akasimama yeye.

"Mother is dead," Pontien alisema, polepole, kila neno mahali pake. "I am the father. Write me."

Karani aliandika.